Ndege za Vita Zikizeeka, Je, Amani Imekuja?

Mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi neno moja ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza laonekana kuwa mbali nasi. Ni habari ya ndege za vita. Katika nchi nyingi za dunia ndege hizi zapungua mwaka hata mwaka. Zile zilizozeeka zaondolewa kazini, na mpya zinunuliwazo badala yake ni chache kuliko zilizoondoka. Wako watu ambao wakisikia hayo hufurahi na kusema, "Tazama, mataifa yamechoka na vita." Wako wengine ambao huingiwa na hofu na kusema, "Nchi isiyo na ndege za vita ni nyumba isiyo na mlango." Sisi twataka kuuliza swali lililo chini ya maneno ya hao wote. Silaha ikizeeka ikaondolewa, je, amani imeongezeka? Na kama haikuongezeka, ni nini basi kiletacho amani?

Swali hili latuhusu sisi tukaao Tabata na mitaa iliyo jirani kuliko tunavyodhani. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hauko mbali nasi, na kambi ya jeshi la anga i pale Ukonga. Katika sikukuu za taifa ndege za vita zikipita juu ya mji kwa kishindo, watoto hutoka nje mbio kutazama, na wazee pia huinua macho. Hakuna ubaya katika kustaajabu. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitu kile kipitacho juu kwa nukta chache kimeundwa na watu, kimenunuliwa kwa fedha ya watu, na kimewekwa tayari kwa kazi moja, nayo ni kuua au kuzuia kuuawa. Mtu mwenye akili hawezi kukitazama tu kama atazamavyo upinde wa mvua. Yampasa kuuliza kimetoka wapi, chafanya nini, na mwisho wake utakuwa nini.

Na tuanze nyumbani. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, serikali iliunda jeshi jipya, ndilo Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa imeanza kutusaidia kuunda kikosi cha anga. Walakini mwanzoni mwa mwaka 1965 ukatokea ugomvi, kwa sababu Ujerumani ya Mashariki iliruhusiwa kuwa na mwakilishi wake hapa nchini. Wajerumani wa Magharibi wakauondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakukubali nchi yetu ichaguliwe rafiki na mtu mwingine, akaikataa hata misaada yao iliyobaki. Mwaka huo huo Kanada ikaishika kazi ile, na ndege tulizopata zilikuwa za aina ya Otter na Caribou, yaani ndege za kuchukua watu na mizigo. Ni baadaye, katika miaka ya 1970, ambapo China ilitusaidia kupata ndege za kupigana, ikatusaidia pia kujenga kambi ya Ngerengere katika mkoa wa Morogoro.

Angalieni mfuatano huo. Kwanza zilikuja ndege za kubeba, kisha zikaja za kupiga. Wala hatuwezi kusema kwamba zilitafutwa kwa ajili ya fahari tu. Kusini mwetu Wareno walikuwa bado wakipigana Msumbiji. Kaskazini mwetu Idi Amin alikuwa ametwaa utawala wa Uganda mwaka 1971. Hofu ilikuwa na sababu zake.

Sababu hizo zilidhihirika mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera. Ndege zake za MiG zilikuja kupiga mabomu katika mkoa ule, na mji wa Bukoba ukapigwa. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote hata mto Kagera ni mali yake. Watu waliokimbia siku zile wakibeba watoto mgongoni hawakuwa na haja ya kufundishwa na mtu maana ya ndege ya vita. Mtu yeyote atakaye kusema kwamba nchi haihitaji cho chote cha kujilinda angani, na aende kwanza kwa wazee wa Bukoba aseme neno hilo mbele yao. Sisi hatuthubutu kulisema. Mwenye nyumba aliyewahi kuvunjiwa mlango usiku hafanyi kosa akitafuta komeo.

Lakini vita ile ile ilitufundisha neno la pili. Silaha haimjui mwenyewe. Katika siku za mwanzo za vita, ndege zetu 3 zilipigwa na mizinga yetu wenyewe huko Musoma, kwa kudhaniwa kuwa ni za adui. Mwezi wa Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Ikaukosa mji, na makombora yake yakaanguka katika kisiwa cha Saanane, palipokuwa na bustani ya wanyama, yakaua wanyama wasio na hatia wala habari. Tarehe 7 Aprili majeshi yetu yakautwaa uwanja wa Entebbe, na tarehe 11 Kampala ikaanguka. Jeshi la anga la Amin likawa limekwisha. Ndege zake nyingine zilikuwa zimeharibiwa, nyingine zikatekwa, na marubani wake wakatawanyika.

Hapa ndipo twapata njia ya kwanza ambayo kwayo ndege za vita hupungua, nayo ni kuvunjwa na mwenye nguvu zaidi. Je, zilipovunjwa, Uganda ilipata amani? Twajua sote kwamba haikupata. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1980 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1981, na katika nchi ya Luwero watu wengi sana waliuawa, mpaka Januari 1986. Mauaji hayo yalifanywa hasa kwa bunduki mikononi mwa watu waendao kwa miguu. Ndege zilikuwa zimekwisha, na chuki ilikuwa bado nzima. Tena baada ya miaka, hamu ya ndege ikarudi kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2011 habari zilienea kwamba Uganda imenunua kutoka Urusi ndege 6 za Sukhoi Su-30 pamoja na vifaa vingine vya kivita, kwa bei ya dola milioni 740. Watu wa nchi ile waliuliza kwa uchungu kwa nini fedha nyingi namna ile zilitolewa kabla ya Bunge kukubali. Basi kilichovunjwa mwaka 1979 kilikuwa chuma. Mioyo haikuwa imevunjika, na kwa hiyo chuma kikatafutwa tena.

Njia ya pili ni ile ya Kenya. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga waliasi, wakaiteka redio ya taifa, wakatangaza kwamba wameipindua serikali ya Rais Moi. Kabla siku haijaisha maasi yalikuwa yamezimwa, na watu wengi walikuwa wameuawa Nairobi. Jeshi lote la anga likavunjwa. Liliundwa jingine, likapewa jina la mwaka ule, na miaka mingi lilijulikana kama kikosi cha anga cha 82. Jina lake la zamani lilirudishwa mwaka 1994. Jeshi hili basi lilipunguzwa kwa hofu ya mtawala juu ya askari wake mwenyewe. Hapana awezaye kuiita hiyo amani. Nyumba ambayo baba humnyang'anya mwanawe panga kwa kuogopa kuuawa usingizini ina utulivu, lakini utulivu wake ni wa watu wasiolala.

Walakini katika siku ile ile mbaya lilitendeka neno jema, nalo twataka mlikumbuke, maana tutalirudia. Waasi waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege kutoka Nanyuki, ili waende kupiga mabomu mjini Nairobi. Marubani wale wakaruka, kisha wakayaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, mahali pasipo watu. Mji uliponea katika mikono ya watu wachache waliokuwa na silaha kali kupita zote, wakakataa kuitumia.

Njia ya tatu ndiyo ienezwayo zaidi siku hizi, nayo ni uzee na gharama. Tuchukue mfano wa ndege ya MiG-21, ndiyo aina ile iliyorushwa na watu wa Amin, na ndugu yake iliyoundwa China kwa jina la F-7 imerushwa na jeshi letu pia. Ilianza kuruka katika miaka ya 1950, na zimeundwa zaidi ya 10,000. India ilianza kuzitumia mwaka 1963, na tarehe 26 Septemba 2025 iliziaga za mwisho kwa sherehe katika mji wa Chandigarh. Ni miaka 62 ya kazi, na katika miaka hiyo marubani wa India zaidi ya 100 walikufa katika ajali zake. Baada ya kuziondoa, jeshi la anga la India lilibaki na vikosi 29 vya ndege za vita, ijapokuwa serikali yake ilikuwa imekubali viwe 42. Wala India haikuwa imepatana na jirani zake, kwa kuwa mwezi wa Mei mwaka huo huo ilikuwa imepigana na Pakistan kwa ndege na makombora. Ndege zilipungua kwa sababu ya uzee, na kwa sababu mpya ni ghali na huchelewa kuundwa. Ndege moja ya Marekani iitwayo F-35 hugharimu zaidi ya dola milioni 80. Kwa bei hiyo hata mataifa tajiri hununua chache mahali ambapo zamani yalinunua nyingi.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Kuiondoa ndege iliyozeeka ni tendo jema, hata kama si amani. Ni rehema kwa rubani, ni rehema pia kwa watu wakaao chini. Tarehe 21 Julai 2025 ndege ya F-7 ya jeshi la Bangladesh, ikiwa katika mazoezi, iliangukia shule katika mji wa Dhaka. Watu zaidi ya 30 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto waliokwenda kusoma. Dhaka ni mji uliosongamana kama mji wetu. Sisi ambao shule za watoto wetu zimejaa kati ya Tabata, Segerea, Ukonga na Kipawa hatuwezi kuisoma habari hiyo kama hadithi ya nchi ya mbali. Kwa hiyo serikali yo yote isemayo, "Chombo hiki kimechoka, na tukipumzishe," yafaa ishukuriwe, isichekwe kuwa imekuwa maskini.

Lakini kupumzisha si kuacha. Wamarekani wana mahali katika jangwa la Arizona, karibu na mji wa Tucson, ambapo ndege za kijeshi zilizoondolewa kazini huwekwa kwa maelfu. Kwa nini jangwani? Kwa sababu hewa ya huko ni kavu, na kutu haishiki upesi. Nyingine hung'olewa vipuri, na nyingine hulindwa ili zipate kurudi siku moja. Na kweli zimewahi kurudi. Mwaka 2015 ndege moja kubwa ya mabomu, aina ya B-52, iliyokuwa imelala pale miaka mingi, ilitengenezwa ikarudishwa kazini, na mwaka 2019 ikarudi nyingine. Mtu apitaye njiani angeziona akadhani ni makaburi, kumbe ni ghala.

Tena kuna jambo lililo baya zaidi. Katika nchi nyingine ndege zenye rubani zapungua kwa kuwa zimepata warithi wasio na rubani. Vyombo hivi ni rahisi kwa bei, na yule avirushaye hukaa mbali akitazama kioo. Vimekuja hata pande zetu. Katika vita vya Tigray huko Ethiopia, vilivyoanza Novemba 2020, vilitumika sana. Tarehe 7 Januari 2022 chombo cha namna hiyo kilipiga kambi ya wakimbizi wa ndani mahali paitwapo Dedebit, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hao walikuwa wamekwisha kuikimbia vita mara moja, na vita ikawafuata angani. Mwenye kuhesabu ndege za vita za kawaida peke yake angesema kwamba silaha za angani zinapungua Afrika. Mwenye kuhesabu makaburi angesema vingine.

Sasa likumbukeni lile neno la marubani wa Nanyuki. Katika ndege yao alikuwamo mtu. Alikuwa na macho ya kuona paa za nyumba, na mkono uwezao kugeuza usukani kuelekea msituni. Aketiye mbali mbele ya kioo naye ni mtu, na dhamiri anayo, wala hatumhukumu. Lakini amewekwa mbali na mahali pa tendo lake, na kadiri mtu awekwavyo mbali na tendo lake ndivyo inavyokuwa rahisi kulitenda. Ikiwa hesabu ya ndege itapungua hivi, kwa kumwondoa mtu ambaye angeweza kukataa, basi tumepoteza kitu kilichokuwa bora kuliko ndege yenyewe.

Yabaki njia ya nne, nayo ni nadra. Ni kupunguza kwa kukusudia, wakati mtu angeweza kuendelea. New Zealand iliamua mwaka 2001 kuvivunja vikosi vyake vya ndege za kupigana, ikabaki na ndege za kulinda bahari na za kubeba. Watu wa nchi ile walibishana sana, na bishano hilo lilikuwa jambo la heshima, kwa maana lilifanywa waziwazi. Lakini New Zealand imezungukwa na bahari na ina jirani rafiki, na si kila nchi imepewa mahali kama pale. Tena ndege 8 katika zile ziliuzwa mwaka 2012 kwa kampuni ya Kimarekani ifundishayo marubani wa kijeshi kupigana. Upanga uliachwa na mkono mmoja ukashikwa na mwingine.

Mfano ulio bora kuliko huo tunauona mahali tusipoutazamia, pale pale katika jangwa la Arizona. Marekani na Urusi ya zamani walitia sahihi mwaka 1991 mapatano ya kupunguza silaha zao kubwa. Kwa mapatano hayo ndege 365 za B-52 zilikatwa vipande kwa bapa zito la chuma lililoangushwa kutoka juu. Kisha vile vipande viliachwa wazi ardhini kwa muda, ili upande wa pili upate kuvitazama kwa vyombo vyake vya angani na kuhakikisha kwamba kweli vimekatwa. Mambo mawili yalikuwapo pale ambayo katika njia nyingine hayakuwapo. Kwanza, wale wawili waliozoea kuogopana walikuwa wameketi meza moja kabla ya kukata chuma. Pili, walikata mbele ya shahidi. Ijapokuwa mataifa hayo yamegombana tena baadaye, wala hatuyahesabu kuwa watakatifu, ndege zile 365 hazitaruka tena kamwe. Hilo limefanyika, wala halirudi nyuma.

Nabii Isaya na nabii Mika walipoitazamia siku ya amani, wote wawili walichukua mfano wao katika kiwanda cha mhunzi. Mfano huo tunausikia mara nyingi mpaka tumeacha kuuangalia. Manabii hawakusema kwamba silaha zitasahauliwa darini mpaka ziliwe na kutu. Walisema habari ya kufua. Na kufua ni kazi. Yahitaji moto, nyundo, na mtu mwenye kukusudia. Tena chuma chenyewe hakitupwi, chapata umbo jingine na kazi nyingine, nayo ni kulisha watu. Upanga ulioliwa na kutu haujawa jembe. Ni upanga mbovu tu, na mwenyewe akipata fedha atanunua mpya. Hili ndilo jibu letu kwa swali la mwezi huu. Kutu haileti amani. Amani yahitaji mhunzi.

Tena kutu ina hatari yake, na mji wetu waijua. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika bohari ya jeshi huko Mbagala, katika wilaya ya Temeke. Tarehe 16 Februari 2011, usiku, yakalipuka tena katika kambi ya Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba zikabomoka, na watoto wakapoteana na wazazi wao. Baada ya mlipuko wa Gongo la Mboto maelfu ya watu walikimbilia Uwanja wa Uhuru wakalala pale. Kishindo kilisikika katika mji mzima, na Tabata i karibu. Siku zile hapakuwa na vita wala adui. Palikuwa na silaha zilizowekwa tu. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba silaha isiyotumika imekufa. Imelala, na kilalacho huweza kuamka wakati usiotakiwa, kikamla jirani.

Haya yote yatutakia nini sisi ambao si majenerali wala mawaziri? Twaona mambo matatu.

La kwanza ni kujifunza kuuliza vema. Tukisikia kwamba ndege za vita zimepungua mahali fulani, tusikimbilie kushangilia wala kuogopa. Tuulize: Zimepunguzwa na nani, naye alikusudia nini? Chuma chake kimekwenda wapi? Fedha iliyookolewa imekwenda wapi, kwenye zahanati na shule, au kwenye silaha nyingine isiyoonekana? Na yule jirani ambaye kwa ajili yake zilinunuliwa, je, wamepatana naye? Raia aulizaye hivi kwa adabu haisaliti nchi yake. Aipenda kuliko yule apigaye makofi tu ndege ipitapo. Vita vya Kagera vilituletea miezi ya kufunga mkanda ambayo wazee wetu wanaikumbuka katika foleni za sukari na sabuni. Waliolipa wana haki ya kuuliza.

La pili ni kuwatazama watu. Ndege ikistaafu, wako waliostaafu pamoja nayo: rubani, fundi wa mitambo, mtunza bohari. Wengi wao wakaa katika mitaa yetu hii, maana kambi ziko karibu. Mkono uliojua kutengeneza mtambo wa ndege wajua pia kutengeneza pampu ya kisima na mashine ya kusaga. Ni hasara kubwa mtu wa ujuzi kama huo akiachwa kukaa kibarazani akihesabu siku za kiinua mgongo. Wazee wa mtaa, na ninyi watekista, waiteni wafundishe vijana wasio na kazi. Kufua upanga kuwa jembe kwaweza kuanza hapa hapa Tabata, kwa mtu mmoja na kijana mmoja na sanduku la vifaa.

La tatu lakaa ndani ya nyumba zetu, na ndilo gumu. Sisi sote twajua mahali ambapo watu wawili wamegombana juu ya mpaka wa kiwanja, au juu ya urithi, au juu ya maji ya mvua yaliyoelekezwa kwa jirani. Zamani walitukanana kila asubuhi. Sasa wamezeeka, sauti zimepungua, hawatukanani tena. Watu husema, "Wale wamekwisha patana." Je, wamepatana? Mtu aliyeacha kumpiga jirani yake kwa sababu mkono umechoka hajapatana naye. Ameweka ugomvi bohari. Na mara nyingi siku ya kufa kwake wanawe huifungua bohari ile, wakaukuta ugomvi u mkavu, tayari kwa moto, na wao ni vijana wenye nguvu. Mmewaona watu wa ukoo mmoja wakipigana kwenye kaburi la baba yao juu ya neno ambalo hakuna kati yao aliyekuwapo lilipoanza.

Basi asingoje uzee umfanyie kazi ya mhunzi. Aende kwa jirani yake maadamu wote wawili wana nguvu za kugombana, kwa maana hapo ndipo kupatana kuna thamani. Achukue shahidi, kama vile mataifa yale mawili yalivyokata ndege zao mahali palipo wazi. Wakubaliane ni wapi mpaka upite, wauweke alama, wawaite watoto wao waone. Kisha kipande kile cha ardhi kilichokuwa cha ugomvi na kipandwe kitu kiliwacho, mchicha au mpapai, ili wote wawili wapate kula matunda yake.

Nasi kama taifa, tuwaombe viongozi wetu wautafute urafiki na jirani wa kaskazini na wa kusini na wa magharibi kwa bidii ile ile ambayo kwayo hununua silaha. Leo magari ya mizigo yapita Mutukula mchana na usiku, mahali pale palipopita vifaru mwaka 1978 na 1979. Hakuna ndege ya vita iliyoifanya njia ile kuwa salama. Imefanywa salama na mapatano, na biashara, na watu waoao na kuolewa pande zote mbili za mpaka. Hiyo ni kazi ya wahunzi wengi ambao majina yao hayatangazwi. Kila mmoja wetu na aangalie ni nyundo gani iliyowekwa mkononi mwake, aipige wakati chuma kingali moto.